Famicom, Mega Drive, Super Famicom au Game Boy: uanze na mashine ipi ya kaseti?

Aliyekulia mjini miaka ya 1990 anaijua kazi ya kupuliza kaseti. Gemu ikigoma unaichomoa, unaipeleka mdomoni kama mpiga filimbi, fuuu, unairudisha. Ikikubali unasifiwa. Ikigoma anapewa mwingine mwenye pumzi nzuri zaidi. Niseme mapema ili tusigombane mbele ya safari: pumzi haikuwa dawa. Kilichosaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka upya, meno ya kaseti yakagusana vizuri zaidi. Mate yetu yalikuwa yanaleta kutu tu.

Watoto wale leo wana mishahara, na baadhi yao wanataka kurudi kule. Swali linalonifikia ni lilelile: "Kaka, nataka kuanza kukusanya mashine za zamani, ninunue ipi?" Nami humuuliza: nyumbani una TV gani? Hapo wengi hushangaa, maana walitarajia tuzungumzie Mario. Lakini mashine hizi zina zaidi ya miaka 30, zilitengenezwa kwa umeme wa nchi nyingine na TV za nchi nyingine, na anayenunua mashine bila kufikiria ukuta itakapochomekwa anaishia kuwa na pambo la kabati.

Nimezipanga nne zinazotajwa zaidi. PlayStation nimeiacha kwa makusudi. Ile ni ya diski, ina maradhi ya macho na mota, inastahili mazungumzo yake.

Zenyewe ni hizi

Famicom ni ya Nintendo, ilitoka Japani Julai 1983. Nyeupe na nyekundu iliyoiva, pedi zake mbili zimeungwa moja kwa moja kwenye mwili wa mashine, na pedi ya pili ina maikrofoni badala ya kitufe cha kuanzia. Ndugu yake aliyepelekwa Marekani mwaka 1985 anaitwa NES, boksi la kijivu linalomeza kaseti kwa mbele kama deki ya video. Ndani ni karibu mashine moja, ila kaseti haziingiliani: ya Famicom ina meno 60, ya NES 72.

Mega Drive ni ya Sega, Oktoba 1988, na Wamarekani waliiita Genesis. Nyeusi, pana, yenye prosesa ya Motorola 68000, ukoo uleule uliotumika kwenye Macintosh za kwanza.

Super Famicom ilitoka Novemba 1990. Marekani na Ulaya ikaitwa Super NES. Chipu yake ya sauti ilibuniwa na Ken Kutaragi wa Sony, ambaye baadaye alikuja kuwa baba wa PlayStation. Nintendo alimkaribisha jirani jikoni, jirani akajifunza kupika.

Game Boy, Aprili 1989, ni ya mkononi. Kioo chake kina vivuli vinne tu vya kijani, na bado iliuzika kuliko zote hizi: ukiijumlisha na Game Boy Color, zaidi ya milioni 118.

Tukubaliane kwanza tulichezea nini

Wengi tunaosema "mimi nilikuwa na Nintendo" hatukuwa nayo. Tulikuwa na kopi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. TV zilipoanza kujaa sebuleni, gemu zikafuata nyuma yake, na zilizofika zilikuwa mashine zilizoiga Famicom, za kila umbo na kila jina. Zilikuja na kaseti ya njano iliyodai kuwa na gemu 9999999. Ukihesabu kwa uaminifu zilikuwa kumi au ishirini. Zilizobaki ni zilezile, ila moja inakuanzishia hatua ya tatu na nyingine ya tano.

Hili lina uzito kwenye uchaguzi wako kwa sababu moja ambayo wauzaji hawaisemi. Kopi zile ziliiga Famicom ya Japani. NES ya Marekani hazikuiiga. Unakumbuka gemu ya vifaru, unalinda ndege aliyezungushiwa matofali? Ile ni Battle City ya Namco, 1985. Unakumbuka yule wa sarakasi anayempanda simba na kuruka miduara ya moto? Circus Charlie. Zote mbili zilitoka kwa Famicom na hazikuuzwa rasmi kwa NES ya Marekani. Nimeona mtu akiagiza NES ya kijivu kwa gharama kubwa, akaja kugundua kwamba nusu ya utoto wake haumo.

Tahadhari nyingine ndogo, hasa kwa wenye masikio. Kopi nyingi zilizokuja kwetu zilitoa picha 50 kwa sekunde, kufuata TV za PAL, mfumo wa picha uliotumika kwetu. Famicom halisi hutoa 60. Ukiiwasha mara ya kwanza, muziki wa Mario utauona unakimbia kuliko ulivyoukumbuka. Hapo mashine haina kosa. Tuliokuwa tunasikia pole pole ni sisi.

Vigezo

Nitazipima kwa maswali matano: inakula umeme gani, inakubaliana na TV gani, kaseti zake zinapatikana vipi na unatambuaje feki, inaugua nini na fundi wa mtaani anaweza kufanya nini, halafu gemu zake ni za kucheza na nani. Sijaweka bei, kwa kuwa mashine ileile inaweza kuwa na bei tatu tofauti kulingana na rangi ilivyofifia, boksi lake lilipo, na muuzaji ameshagundua au hajagundua kwamba unaitaka.

Umeme

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mashine nyingi zinapofia.

Adapta ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120. Ukuta wetu unatoa 230. Adapta za enzi hizo ni transfoma ya nyaya tu. Hazina akili ya kujirekebisha kama chaja ya simu. Yangu ya kwanza niliichomeka bila kusoma maandishi ya mgongoni. Harufu ilinifikia kabla ya moshi. Mashine ilipona kwa bahati, adapta nikaizika.

Njia ya kawaida ni transfoma ya kushusha umeme. Inafanya kazi, ila ni nzito na inaunguruma. Njia ninayoipenda ni kuacha kabisa adapta ya zamani na kununua ya kisasa inayokubali volti 100 hadi 240, na hapa kuna habari njema. Famicom, Super Famicom na Mega Drive ya kwanza zote zinataka umeme wa DC (wa upande mmoja, kama wa betri) wa volti 9 hadi 10, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta moja ya volti 9 yenye ampea 1.5, ukihakikisha hasi iko katikati, inaziendesha zote tatu kwa zamu. Adapta nyingi za madukani zina chanya katikati, kwa hiyo angalia ule mchoro mdogo wa duara na nusu duara kabla ya kulipa.

Habari mbaya ni mbili. Mega Drive ya pili, ile ndogo ya 1993, imegeuza: chanya iko katikati, na plagi yake ni nyembamba. Na NES inatumia adapta inayotoa AC (umeme wa kugeukageuka, kama wa ukutani), si DC. NES yenyewe ni mvumilivu, ukiipa DC inakubali. Lakini ukichukua adapta ya NES ukaichomeka kwenye Famicom au Mega Drive kwa sababu "imeingia", umeiua. Kuingia si kukubaliana.

Game Boy haina habari hizi. Betri nne za AA, unacheza saa nyingi, mgao wa umeme ukija unaendelea kana kwamba haukuhusu. Kwa anayeishi mahali ambapo umeme unaruka ruka mpaka friji imewekewa kifaa cha kuilinda, hili si jambo dogo.

TV

TV ya chogo ndiyo rafiki wa mashine hizi, na sisi tuna bahati kuliko wenzetu wa Ulaya walioshazitupa jalalani. Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipofuata 2015, watu wengi waliinunulia TV ya zamani king'amuzi badala ya kuibadilisha. King'amuzi kinaingia kwa waya wa AV. Kwa hiyo TV za chogo zilizobaki kwenye mabanda ya mafundi nyingi zina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, na hayo ndiyo unayoyatafuta. Muulize fundi pia kama inapokea NTSC, mfumo mwingine wa picha, kwa sababu mashine za Japani na Marekani zinatoa NTSC. TV za miaka ya 1990 na kuendelea zilizotengenezwa kwa masoko mengi hupokea mifumo yote. TV ya PAL pekee itakupa picha nyeusi na nyeupe, au inayobingirika.

Super Famicom ndiyo yenye adabu hapa. Ina tundu la AV lenye stereo, na waya wake ndio uleule wa Nintendo 64 na GameCube, kwa hiyo haupotei. Mega Drive ya kwanza nayo ina AV kupitia plagi ya duara ya DIN, ila sauti ya stereo inatoka tu kwenye tundu la hedifoni lililopo mbele. Waya wa toleo la pili ni mwingine.

Famicom ya kawaida ndiyo mkorofi. Inatoa picha kwa njia ya antena tu, tena kwa masafa ya chaneli za Japani, ambayo kwetu yanaangukia kwenye eneo la redio FM. TV yako inaweza kutafuta mpaka kesho isiipate. Kuna njia mbili za kutokea. Moja ni kumpa fundi aitolee waya wa AV kutoka ndani, kazi ya vipuri vichache kwa anayejua kulehemu. Nyingine ni kutafuta toleo la Desemba 1993, ambalo wakusanyaji wanaliita AV Famicom: pedi zinachomoka, na inatumia waya uleule wa Super Famicom. Ni ghali zaidi, lakini ukijumlisha fundi, nauli na siku uliyopoteza, tofauti inapungua sana. NES ina tundu la njano na nyekundu ubavuni, haina shida hiyo.

Una TV bapa tu? Zitawaka, lakini TV nyingi za kisasa huisoma vibaya picha ya mashine hizi, kisha huchelewesha mguso wako kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa gemu ya kufikiri hutaona. Kwa Mario utaanguka shimoni na kulaumu vidole. Vile vigeuzi vya bei ya chini vya AV kwenda HDMI mara nyingi huongeza tatizo. Vigeuzi vizuri kama RetroTINK hulitatua, ila bei yake inaweza kuizidi mashine. Na bunduki ya kupigia bata isahau kabisa. Duck Hunt inategemea namna TV ya chogo inavyochora picha mstari kwa mstari. Kwenye TV bapa utafyatua mpaka bata azeeke.

Game Boy ina kioo chake. Tatizo lake ni kwamba kioo hicho hakina taa. Usiku unahitaji taa ya chumba, na mchana kivulini unainamisha mashine kama anayetafuta mtandao.

Kaseti: lugha, umbo na feki

Kaseti za Japani kwa kawaida ni rahisi kuzipata kuliko za Marekani, kwa sababu Wajapani walinunua nyingi, walizitunza, na wana maduka makubwa ya vitu vilivyotumika. Ukiwa na ndugu Japani, mwambie apite Hard Off, kwenye vikapu vya vitu vinavyouzwa bila dhamana. Huko ndiko kaseti huuzwa kama dagaa, kwa fungu.

Lakini lugha. Gemu za Famicom za kuruka na kupiga risasi hazihitaji kusoma. Super Famicom ni habari nyingine: sifa yake kubwa ni gemu za hadithi ndefu kama Final Fantasy VI ya 1994 au Chrono Trigger ya 1995, na ukinunua kaseti ya Kijapani utakuwa umenunua riwaya usiyoweza kuisoma. Anayetaka hadithi atafute Super NES ya Marekani. Mashine hiyo ina faida ya ziada: ukiondoa vijino viwili vya plastiki ndani ya tundu lake, kaseti za Japani nazo zinaingia na kucheza. Kinyume chake hakiwezekani, kaseti ya Marekani haitoshei kwenye Super Famicom bila kitu cha kuunganishia. Za Ulaya zina umbo la Kijapani lakini chipu ya ulinzi inakataa.

Mega Drive ina mapingamizi madogo: umbo la kaseti linatofautiana kati ya Japani na kwingine, na baadhi ya gemu za miaka ya mwisho hukagua mashine ni ya nchi gani. Kwa upande mwingine baadhi ya kaseti zake hubadili lugha zenyewe kulingana na mashine zilimochomekwa. Game Boy haina mipaka ya nchi kabisa. Kaseti ya Tokyo inacheza kwenye mashine ya London.

Feki, au kanyaboya kama tunavyoziita, zimejaa zaidi kwenye Game Boy, na mfalme wake ni Pokémon. Dalili: karatasi ya mbele inang'aa kupita kiasi, herufi hazijanyooka, plastiki nyepesi. Dawa ni kuifungua. Skrubu zake zina kichwa cha ajabu kinachohitaji bisibisi ya milimita 3.8, ukikosa, yeyusha kidogo mwisho wa kalamu ya biki, ukandamize kwenye skrubu, ngoja ipoe, zungusha. Ndani, ubao halisi huwa umeandikwa Nintendo na mwaka. Ukikuta tone jeusi kama lami limefunika chipu, mara nyingi umeshapigwa. Kaseti za Famicom hazina skrubu, zimebanwa kwa vijino, na ukizifungua kwa pupa vinakatika.

Je, feki ina ubaya kama inacheza? Wakusanyaji hubishana hapa mpaka chai inapoa. Mimi sioni aibu kuweka kaseti ya gemu 9999999 kwenye rafu, kwa sababu ndiyo historia yetu. Ninachokataa ni kuuziwa kopi kwa bei ya orijino. Na kama lengo ni kucheza tu, kuna kaseti kama Everdrive zinazopokea kadi ya kumbukumbu; moja inamaliza safari nzima ya kusaka, kitu ambacho kwa baadhi yetu ni neema na kwa wengine ni kuua raha yenyewe.

Maradhi

Ukanda wa Pwani una adui wawili, chumvi na unyevunyevu, na wa tatu ni mende anayependa joto la transfoma. Mashine iliyokaa Tanga au Mombasa miaka kumi bila kuwashwa ifungue kabla ya kuiwasha. Meno ya kaseti safisha kwa pamba na spiriti safi, isiyo na rangi.

NES ndiyo mgonjwa anayejulikana zaidi. Tundu lake la kumeza kaseti hulegea, na taa nyekundu huanza kuwaka na kuzima. Kuwaka huko kunatokana na chipu ya ulinzi inayoiwasha upya mashine kila ikikosa kusomana na kaseti. Fundi akikata mguu wa nne wa chipu hiyo, mashine inaacha kusumbua, ingawa mkusanyaji mwenye msimamo atakuangalia vibaya. Famicom, inayopokea kaseti kwa juu, haina tundu hilo wala chipu hiyo. Yake ni waya za pedi kukatika pale zinapoingilia kwenye mwili, na zile za mwanzo kabisa zenye vitufe vya mraba vya mpira, ambavyo hunasa.

Mega Drive ni ngumu kama ngozi ya kifaru. Utakachokuta mara nyingi ni tundu la umeme lililolegea au kapasita zilizochoka, na fundi redio yeyote anamudu. Usiichanganye na Game Gear ya mkononi ya Sega. Ile kapasita zake huvuja karibu kila moja, usiinunue bila kuiona ikiwaka na kutoa sauti.

Super Famicom hugeuka njano. Ni plastiki yenyewe inayofanya hivyo, kwa sababu ya kemikali ya kuzuia moto iliyochanganywa humo, na mara nyingine nusu ya juu inabadilika na ya chini inabaki kijivu kama shati lililoungwa. Inarudishwa kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi na jua, lakini baadaye huweza kurudi. Hilo ni la sura tu. La ndani ni zito zaidi: prosesa au chipu ya picha ikifa, fundi hana pa kuitoa ila kwenye mashine nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti.

Game Boy huota mistari iliyopotea kwenye kioo. Inatisha lakini mara nyingi inatibika kwa kupasha kwa upole utepe ulio chini ya kioo kwa chuma cha kulehemu. La kuogopa ni betri zilizosahaulika ndani. Fungua mlango wa betri kabla hujatoa hela.

Na gemu zote zinazohifadhi safari ya mchezaji kwa betri ndani ya kaseti zina saa inayohesabu. Betri ya Zelda au Pokémon ya zamani, kama haijabadilishwa, imekufa au inakufa. Pokémon Gold na Silver huwahi zaidi kwa sababu zina saa inayotembea muda wote. Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi kwa anayelehemu, ila mwambie fundi atumie betri yenye vijibati vyake. Asilehemu moja kwa moja juu ya betri. Kile kilichokuwa kimehifadhiwa humo kitaondoka.

Gemu, na unacheza na nani

Famicom ni ya sebule iliyojaa. Unakufa haraka, unampa mwingine pedi, kelele zinaendelea. Contra ya 1988 bado inaweza kuwagombanisha ndugu wawili watu wazima juu ya nani alichukua bunduki ya S. Udhaifu wake ni kwamba gemu nyingi ni fupi na katili; ukicheza peke yako wiki mbili unaweza kuchoka.

Mega Drive ni ya kasi na ngumi. Sonic ya 1991 kila mtu anaijua, lakini kwa wawili ni Streets of Rage. Na wapenda soka wakumbuke kwamba FIFA ya kwanza kabisa, ya Desemba 1993, ilizaliwa hapa. Kuna raha yake kuonyesha kijana anayecheza FIFA ya leo kwamba babu yake alikuwa anaweza kumkimbia refa asimpe kadi.

Super Famicom ina upana kuliko zote: Street Fighter II, Mario Kart, Bomberman ya watu wanne ukiwa na kiunganishi cha pedi, na Konami, walewale wa Winning Eleven, walitoa humo Perfect Eleven mwaka 1994 yenye mtangazaji anayepiga kelele kwa Kijapani. Rangi zake ni nyingi, muziki ni mzito. Ni polepole kidogo kuliko Mega Drive pale skrini inapojaa maadui, na mashabiki wa pande zote mbili wamekuwa wakibishana juu ya hilo tangu 1991.

Game Boy ni ya peke yako. Tetris kwenye foleni ya daladala bado haijapata mpinzani. Wawili mnaweza kuungana kwa waya, ila kila mmoja awe na mashine na kaseti yake.

Kwa hali yako

Unatafuta utoto wako, vifaru na sarakasi, na una TV ya chogo: Famicom, na kama mfuko unaruhusu, ile ya AV. Kama mfuko hauruhusu, usidharau kopi ya zamani inayofanya kazi. Tundu lake ni la meno 60, hivyo kaseti halisi za Famicom zinaingia, na unaweza kuanza kukusanya kaseti kabla ya mashine.

Huna uzoefu wa kushika bisibisi na fundi wako ni wa redio tu: Mega Drive ya kwanza itakusamehe makosa mengi, mradi umeangalia adapta. Inafaa pia nyumba yenye vijana wawili wanaopenda kupigana bila kuumizana.

Unapenda hadithi, una uvumilivu, na unasoma Kiingereza: Super NES ya Marekani, ukijiandaa kulipia kaseti. Unapenda aina nyingi na hadithi si lazima: Super Famicom ya Japani, ambayo kaseti zake utazipata kwa fungu.

Uko hosteli, au unahamahama, au umeme wenu una tabia zake: Game Boy. Kama macho yameanza kulalamika, ichukue Game Boy Color ya 1998; inacheza kaseti za ile ya kwanza na inatumia betri mbili. Kununua Pokémon bila kuifungua ni kamari.

Unataka tu kucheza wikiendi mbili kwa mwaka na wageni, bila adapta wala fundi: basi kukusanya hakukufai kwa sasa, na hakuna dhambi. Nintendo na Sega wenyewe walitoa matoleo madogo yenye gemu ndani na waya wa HDMI: NES mwaka 2016, Super NES 2017, Mega Drive 2019.

Na kama tayari kuna mashine moja ya mjomba imelala juu ya kabati, ishushe hiyo kwanza. Usiichomeke leo. Igeuze, soma kibandiko cha chini, andika volti na alama ya plagi kwenye karatasi, na uende na karatasi hiyo dukani kabla ya kufikiria kununua mashine nyingine.